Mpima Hewa na Namba za Penseli

Hakutoka nje bila mwamvuli, na mvua ikinyesha hakuufungua. Alijibanza barazani kwa watu, mwamvuli kwapani, mpaka mvua ikatike. Siku ya jua, au ya mawingu mepesi yasiyo na ubaya wowote, ndipo alipoufungua na kuushusha mpaka kwenye nyusi, akapita mtaa wa Mkunazini, mjini Unguja, kwa hatua ndefu akiambaa na kuta. Nilipomuuliza maana yake alinijibu bila kucheka: "Mwamvuli wangu mie si wa mvua, binti. Wa watu."

Watu walimsumbua kweli. Mpima hewa wa serikali hawezi kununua hata fungu la mchicha akaachwa. Huyu ana arusi Ijumaa, yule anataka kumwaga zege, mwingine mama yake anasafiri kwenda Pemba, na wote wanataka kujua kesho kukoje. Pale kazini tulimwita Mpima Hewa tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua vizuri. Siliandiki kwa sababu watu wake wapo, na ninayotaka kuyasema juu yake si ya kumsifu wala ya kumshitaki.

Niliingia kazini miezi michache baada ya Mapinduzi. Mpiga taipu aliyekuwapo alikuwa ameondoka nchini, na hapakuwa na mwingine aliyejua kutumia vidole vyote kumi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kiburi cha mtu mwenye cheti. Kituo chetu kilikuwa nje ya mji, njia ya Mbweni: nyumba ndogo ya vyumba viwili, kiwanja cha majani kilichozungushiwa waya, kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama juu ya miguu minne na vipimajoto ndani yake, mkebe wa shaba wa kukingia mvua, na mlingoti wa kuonyesha upepo. Tulikuwa watatu. Yeye alipima, mimi nilipiga taipu, na karani wa simu alipeleka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, Mpima Hewa alitoka kiwanjani, akasoma vipimo vyake, akaviandika kwa wino kwenye karatasi ndefu. Hakuandika maneno. Hali ya hewa husafiri kwa namba, makundi ya namba tano tano: kundi hili la mawingu, hili la upepo, hili la joto, na kadhalika. Mimi nilizipiga taipu, na karani wa simu akazigonga kwenye kidude chake cha simu ya maandishi zikavuka mpaka bara. Huko walikusanya namba za nchi nzima, wakatengeneza taarifa ya saa ishirini na nne zijazo, wakaturudishia alasiri. Mpima Hewa akaisoma, akaitengeneza kwa ajili ya visiwa vyetu, ikapelekwa redioni kusomwa baada ya habari.

Taarifa ile ya bara ilimkera kila siku ya Mungu. Mwisho wa kipupwe ndipo ilipomkera zaidi, kwa sababu huko walikuwa na baridi zao za milimani za kuzungumzia, ukungu wa wapi na umande wa wapi, aya nzima nzima. Sisi tulikuja mwisho kabisa. "Na visiwani, hali kama ya jana." Aliisoma kwa sauti, akaiweka mezani, akaivua miwani.

"Skilizeni," alisema. "Hali kama ya jana. Jana wameiona wapi hawa?"

Kisha alikaa kitako na kuandika yake: upepo wa kusi utapungua nguvu, manyunyu asubuhi upande wa mashariki, jua kuanzia saa nne. Mwisho wa kipupwe karafuu ziko majamvini, na watu wa shamba walisubiri sentensi ile ya jua kuanzia saa nne ili wajue kama watoe au wafunike. Karafuu ikiloa inageuka rangi na kuwa haina maana. Alijua hilo, na lilimkosesha usingizi.

Nilimwona mwenyewe akikosea. Aliandika jua, ikaja mvua ya ghafla ya nusu saa, na asubuhi yake bibi mmoja wa Kidichi alileta salamu kwa mtu wa gari la shamba kwamba mpima hewa wa serikali amemmaliza. Mwingine angecheka. Yeye alipanda baiskeli akaenda Kidichi. Alirudi siku ya pili mikono inanuka karafuu, kwa sababu alikaa kwa yule bibi kutwa nzima akichambua zilizoharibika na zilizosalimika, huku bibi akimsema na kumnywesha madafu kwa zamu. Aliomba radhi kwa ajili ya mvua. Kwa ajili ya jambo lingine lolote sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, wala mkewe, wala sisi. Alikuwa mgumu, na akikasirika alinyamaza, na kunyamaza kwake kulijaa chumba.

Miaka ile redio haikuwa kitu cha kustarehe. Watu walikaa mbele yake kimya kusikiliza nani kateuliwa, nani kaachishwa, nani anatakiwa aripoti wapi na saa ngapi. Ilipofika hali ya hewa ndipo nyumba zilipopumua. Mama yangu alikuwa akisema ile ndiyo taarifa pekee isiyo na jina la mtu ndani yake. Nilijivuna kuwa imepita mikononi mwangu.

Mpima Hewa hakusema lolote la kesho bila inshallah. Alikuwa na vipimo vya kila namna, na alivipenda, alivifuta vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe, lakini hakukubali kuwa vinajua. "Mie sisemi itanyesha," alikuwa akituambia. "Nasema yaelekea itanyesha, inshallah." Na neno lile aliliandika mwisho wa taarifa, na msomaji wa redio alilisoma. Mpaka siku mkubwa mmoja alipokuja kituoni na karatasi mkononi. Hakukaa.

"Bwana, hii taarifa ya Serikali au ya nyumbani kwako?"

"Ya Serikali."

"Basi hii inshallah inafanya nini hapa? Serikali haina hakika?"

"Serikali inayo hakika," Mpima Hewa alisema. "Mimi ndiye sina."

Mkubwa alilikata neno lile kwa kalamu yake. Karani wa simu alikuwa ameinama kwenye kidude chake kama kwamba anakitengeneza. Tangu siku ile inshallah iliondoka kwenye karatasi. Yeye aliendelea kuisema kwa midomo tu kila aliponikabidhi taarifa, na mimi niliitikia kwa midomo tu.

Nimetaja ugumu wake; sasa nitaje ulimi wake. Palitokea siku pakawa na mkutano mkubwa wa hadhara unatayarishwa, mwezi ule ule wa karafuu, na mtu akapiga simu kutoka mjini kutuambia kuwa siku hiyo ni ya jua. Hakuuliza. Alitwambia. Mpima Hewa alishika simu, akasikiliza, akajibu kuwa vipimo vinaonyesha mvua kabla ya adhuhuri. Mtu akamwambia aandike jua. Tulimsikia mpaka sisi tuliokuwa mezani kwetu.

"Nikiandika jua, mvua itakuja kuisoma karatasi yangu?" Mpima Hewa alisema. "Hewa haina chama, bwana." Akakata simu.

Aliandika mvua. Na mvua ikanyesha, tena ile yenyewe, watu wakatawanyika kiwanjani vitambaa vichwani. Ingekuwa heri isingenyesha. Angekosea wangemcheka, lakini alipatia, na kupatia kwake kukawaudhi waliotaka jua. Kuanzia hapo gari moja la kijivu lilikuwa likipita polepole mbele ya waya wetu, mara mbili tatu kwa wiki, halisimami. Tulilizoea kwa namna ambayo mtu anazoea jino linalouma.

Karani wa simu ndiye aliyethubutu kumsema. Karani alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, amejaaliwa mtoto mchanga mwaka ule, na kila asubuhi alikuja na mkate wa kumimina aliofungiwa na mkewe, akatugawia. Alimsimamisha Mpima Hewa mlangoni, akamwambia mbele yangu:

"Bwana mkubwa, nisamehe, lakini ulimi wako huu utakupeleka pabaya. Na utatupeleka na sie."

"Unanitisha?"

"Nikutishe mimi? Nnakuomba."

Mpima Hewa alimpita akatoka kiwanjani. Mwezi mzima hakumsemesha yule mtu ila namba, na mkate wa kumimina hakuugusa. Mimi nilikula na fungu lake, Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa ya ujana.

Na kulikuwa na kitu kimoja zaidi, ambacho ndicho kilichonitia kalamu mkononi. Mpima Hewa aliwacheka hadharani wazee wa shamba wanaohesabu hewa kwa Nairuzi. Kila mtu wa Unguja anaijua hesabu ile. Inaanza Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi, na kutoka hapo siku zinahesabiwa kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na wazee wanakwambia mwongo huu una upepo gani, na ule una mvua au hauna. Mpima Hewa alisema hizo ni hesabu za watu wasio na kipimajoto. Alisema hivyo kwa sauti, hasa akiwapo mgeni. Lakini pembeni ya karatasi yake, kwa penseli nyembamba, alikuwa akiiandika hesabu hiyo hiyo kila siku. Alitaka kujua kama wazee wanapatia. Alinionyesha mara moja tu, akiwa amefurahi: miaka yote aliyoilinganisha, alisema, wazee walikuwa wakikosea kidogo kuliko taarifa ya bara.

"Usinitangaze," aliniambia. "Wataninyang'anya miwani."

Mkono wake ulikuwa umezoea namba tano tano, kwa hiyo hata hesabu ya penseli aliiandika vivyo hivyo: mbili za mwongo, moja ya siku, mbili za mawingu aliyoyaona kwa macho yake. Kabla ya kunipa karatasi aliifuta kwa raba, baada ya kuinakili kwenye daftari lake la nyumbani. Kila siku aliifuta. Nilikuja kuyafahamu yote hayo baadaye. Siku aliponionyesha niliona daftari tu, na nilicheka, sikutazama namba zimekaaje.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa kipupwe, mwaka wangu wa pili kazini, asubuhi ya mawingu na upepo wa baridi ulioingia mpaka kwenye taipureta. Saa tatu alisoma vipimo, akaandika, na papo hapo akaja mtu na baiskeli kumwambia shemeji yake amefariki. Akasema inna lillahi, akaniwekea karatasi mezani, akatoka. Hakufuta.

Nilipiga taipu kila kilichokuwamo. Kundi la mwisho lilikuwa la penseli, pembeni, nikadhani wino ulimwishia. Wallahi sikufikiri zaidi ya hapo. Nilimpa karani wa simu. Akagonga, akafika mwisho, akasimama na kidole hewani.

"Hili kundi la mwisho la nini? Mbona sijawahi kulipeleka?"

Nilikuwa na shughuli nyingi, na sikupenda kuulizwa na mtu ambaye kazi yake ni kugonga. Nikamjibu, "Ndilo lililomo. Wewe peleka."

Akapeleka.

Alasiri bara wakauliza: kundi la mwisho halieleweki, fafanueni. Swali lile lilikuja wazi, kwa njia ambayo wengine pia walikuwa wakiisikiliza. Mpima Hewa alikuwa bado mazishini. Karani alijibu kuwa atauliza. Siku ya pili, kabla Mpima Hewa hajavua viatu, gari la kijivu lilisimama.

Walishuka watu watatu. Mmoja alikuwa na nakala ya namba zetu, na kundi la mwisho limezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu. Aliiweka mezani kwangu, kwa kuwa meza yangu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, na akatuuliza sote kwa pamoja:

"Nani mwenye namba hizi?"

Nilifungua mdomo. Huo ndio ukweli, niliufungua. Kisha nikaiona mikono ya yule mtu, na nikamfikiria mama, nikaufunga. Mpima Hewa aliinama akaitazama karatasi kwa makini, kama anavyotazama kipimo, akasema, "Zangu."

"Unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Ni hesabu ya Nairuzi. Mwongo wa tatu, siku ya nne."

Wale watu wakatazamana. Mkubwa wao alicheka kidogo, bila furaha.

"Nairuzi? Bwana, mimi babu yangu wa Makunduchi. Nairuzi wanahesabu wazee wa shamba. Wewe umesoma, una mashine zote hizi, na watu wote wamekusikia ukiicheka. Leo ndiyo unahesabu Nairuzi, tena kwa siri, tena unaipeleka nje ya kisiwa kwa simu?"

Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa haisadikiki. Wakamchukua saa nne asubuhi, jua limeanza kutoka.

Siku zile nilifanya kazi yake. Nilitoka kiwanjani na karatasi, nikasoma vipimajoto, nikaandika. Alasiri taarifa ilipotoka bara sikuwa na ujuzi wa kuitengeneza, basi niliiacha ilivyo. Visiwani, hali kama ya jana. Kesho yake tena, visiwani, hali kama ya jana. Mama aliisikia redioni akasema, mbona mpima hewa wenu siku hizi hana maneno.

Siku ya nne, saa tisa, gari lilirudi kumchukua karani wa simu. Alikuwa katikati ya kugonga. Alinitazama, akavaa koti lake, akaniambia nimwambie mkewe asimngoje kula. Wakaondoka naye. Kidude cha simu kikaendelea kulia peke yake mezani, bara wakiuliza tumekatikia wapi.

Mpima Hewa alirudi siku ya kumi na moja. Amekonda, na sikio moja halisikii vizuri. Alisimama mlangoni akakitazama kiti cha karani, hakuuliza. Alikaa, akachukua raba, akaanza kufuta namba za penseli kwenye karatasi zote za zamani, moja baada ya nyingine, mpaka mabaki ya raba yakajaa meza. Hakunilaumu, wala hakunitazama vibaya. Nikajua, au nilijiambia nimejua, kuwa kule alikokwenda walimuuliza nani aliyezitia namba kwenye simu, na yeye akanificha. Mtu mgumu vile, na akanificha. Nilimpenda kwa ajili hiyo kuliko baba yangu.

Karani wa simu hakurudi. Mkewe alikuja kituoni mara moja, mtoto mgongoni, akaniuliza kama nimesikia lolote. Nikamwambia sijui aliko. Hilo lilikuwa kweli, na nilijificha nyuma ya ukweli huo. Mpima Hewa aliachishwa kabla ya mwaka kwisha, na mimi nikahamishiwa ofisi nyingine, kupiga taipu barua za watu nisiowajua.

Miaka ikapita. Nilimwona tena mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika foleni ya mchele Darajani, saa mbili asubuhi. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilimwacha mtu anishikie nafasi, nikamwendea.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, binti." Aligeuza sikio zima. "Ala! Wewe. Uko?"

Tuliongea ya watoto na ya afya. Kisha nikaona kuwa nisiposema siku ile sitasema tena, kwa kuwa nimemeza jambo lile miaka mingi na lilikuwa limekwisha kunila ndani. Nikamwambia namshukuru. Nikamwambia kuwa ni mimi niliyetia namba za penseli, kwa ujinga wangu, na kwamba nilijua alinificha, na kwamba kila sala namwombea.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiwe uliyetia?"

"Ndimi. Nilidhani ni kundi. Karani aliniuliza, nikamwambia apeleke."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza la nini. Nikamkemea."

Alikaa kitako juu ya kizingiti cha duka lililofungwa. Watu walituzunguka na vikapu vyao na foleni ikasogea bila sisi.

"Sikukuficha," alisema. "Sikukufikiria hata mara moja. Miye nilidhani yeye. Alishanambia ulimi wangu utanipeleka pabaya, nikasema basi huyu ndiye aliyenipeleka. Siku ya tatu wakaniuliza nani mwenzangu. Nikawaambia nendeni kamuulizeni karani wa simu, ndiye aliyezitia. Nilikuwa na hasira naye. Nilidhani watamuuliza tu, na yeye aone uchungu wake kidogo, kisha atoke kama nilivyotoka mie."

Miaka yote nilikuwa nimembeba mtu huyu moyoni kama mlinzi wangu, na hakuwa ananilinda, na aliyenilinda ni yule ambaye sikutaka kuulizwa naye. Karani alijua nani aliyempa karatasi ile. Angesema jina langu, wangenijia siku ile ile. Hawakunijia. Nililia pale pale Darajani, mbele ya watu, bila aibu.

"Mkewe anakaa Mpendae," nilisema nilipoweza.

"Nnajua. Ijumaa huwa nnakwenda mpaka kwenye kona ya nyumba yake, narudi."

"Twende tukamwambie."

"Tumwambie nini? Kuwa mumewe kaondoka kwa ajili ya Siku ya Mwaka?"

"Kuwa hakuwa na kosa."

"Hilo analijua kuliko sisi," alisema. Lakini aliinuka.

Tuliziacha nafasi zetu, tukaenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno na kuyapangua. Nyumba ya mke wa karani ilikuwa ya udongo, ndogo, imefagiliwa. Alikuwa nje anasuka ukili, na mtoto wa kiume wa miaka kama saba anasoma karibu naye. Tulipiga hodi. Alinitazama mimi, akamtazama Mpima Hewa, akauacha ukili uanguke.

"Nyie si wa ofisini kwake?"

Tukaitikia kuwa ndio sisi.

Akainuka haraka. Alimwambia mtoto aende akacheze kwa jirani, akalikung'uta jamvi, akalitandika, akalinyoosha pembe zote nne. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga mpya. Hakutupa nafasi ya kusema.

"Watu wamenisema mie," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Wakanambia, kaa eda, uolewe, ulee mwanao. Nikawauliza, eda ya nani? Nani aliyenambia mume wangu kafa? Nikasema mie nangoja. Siku moja wenzake watakuja wanambie. Karibuni. Karibuni, jamani, kaeni."

Tukakaa. Akakaa mbele yetu, akaweka mikono magotini, akamgeukia Mpima Hewa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa.

"Haya, bwana," alisema. "Anarudi lini?"